Korodani haina daftari: barua ya wazi kuhusu virusi na uzazi wa wanaume

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI. Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri. Na wasimamizi wa Bohari ya Dawa na wa bima ya afya.

Waheshimiwa,

Ingieni kituo cha afya chochote nchini Tanzania, muombe vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa na huduma. Kipo cha wajawazito, cha uzazi wa mpango, cha leba, cha watoto. Mwanaume mtamkuta kwenye kitabu cha tohara, cha CTC (kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi) na cha magonjwa ya ngono. Kitabu kinachoonyesha kwamba kijana wa miaka 17 alivimba korodani mwezi wa tatu, akapimwa tena mwezi wa sita, na korodani ile ikakutwa imerudi au imesinyaa, hamtakipata. Miaka 10 baadaye kijana huyo anaoa na mtoto hapatikani. Mke ndiye anayeanza kuzungushwa: kipimo cha mirija, kusafisha kizazi, sindano za kupevusha mayai. Wakati huohuo inajulikana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, tatizo la mwanaume lina mchango, peke yake au pamoja na la mke.

Sisi tunaowaandikia tunafanya kazi ya maabara na ya kliniki katika afya ya uzazi wa wanaume. Ombi letu ni moja, ingawa lina vipande vingi: virusi vinavyopita kwenye korodani vifuatiliwe kuanzia siku ya kwanza ya ugonjwa, na kipimo cha mbegu kifanywe kwa kanuni zake katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Vifaa tunavyovitaja humu ni vya bei ndogo, na vingine mnavyo tayari kwenye rafu.

Tunaanza na matubwitubwi, kwa sababu huo ndio ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa kuharibu korodani, na ndio unaodharauliwa zaidi. Kwa mtoto wa miaka 6 ni shavu kuvimba, homa ya siku chache, basi. Kwa aliyekwisha balehe mambo hubadilika. Kati ya wanaume 100 waliobalehe wanaougua matubwitubwi bila chanjo, 15 hadi 30 huvimba korodani. Kwa kawaida uvimbe huo huja siku 4 hadi 8 baada ya shavu kuvimba, wakati mgonjwa anadhani amepona. Mara nyingine huchelewa wiki kadhaa, na wapo ambao shavu halikuvimba kabisa. Homa hurudi juu, korodani moja inakuwa nyekundu, nzito, haigusiki. Kwa wachache zinavimba zote mbili.

Madhara yanatokana na umbile la korodani yenyewe. Imefungwa ndani ya utando mweupe mgumu usiotanuka. Tezi ya shavuni ikivimba ina nafasi. Korodani ikivimba haina. Shinikizo hupanda ndani, damu haipiti vizuri, na vijifereji vinavyotengeneza mbegu hubanwa na kufa njaa. Juu ya hayo kuna joto: korodani hufanya kazi kwa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na homa ya nyuzi 39 au 40 inaipika. Matokeo yake, kati ya theluthi na nusu ya korodani zilizovimba kwa matubwitubwi husinyaa kwa kiasi fulani. Tunalisema hili bila kuwatisha watu: ugumba kamili ni nadra, maana mara nyingi upande mmoja hubaki mzima. Kinachotokea zaidi ni mbegu kupungua idadi na kasi. Mwanaume wa namna hiyo anaweza kupata mtoto kwa kuchelewa, au kwa msaada, endapo kuna mtu aliyempima na kumweleza ukweli.

Kabla ya kuendelea, kuna hatari moja ambayo haitokani na virusi, lakini tusipoitaja hapa barua hii itafanya madhara. Kijana anayekuja na korodani inayouma ghafla asiandikiwe "matubwitubwi" na kurudishwa nyumbani kwa sababu tu shuleni kuna matubwitubwi. Huenda korodani imejisokota kwenye mshipa wake. Ikinyooshwa kwa upasuaji ndani ya saa 6, nyingi hupona. Ikipita saa 24, kwa kawaida inakatwa. Maumivu ya kujisokota huja kwa dakika, mara nyingi usiku au alfajiri, pamoja na kutapika, na homa mwanzoni haipo. Korodani inakaa juu zaidi ya mwenzake au imelala upande. Ukikwaruza polepole sehemu ya ndani ya paja, korodani ya upande huo kwa kawaida hupanda, iliyojisokota haipandi. Ya matubwitubwi huja kwa saa nyingi au siku, na homa ikiwa juu. Mganga wa zahanati asiye na altrasaundi, akiwa na shaka, apige simu na kumpeleka kijana chumba cha upasuaji palepale. Kusubiri altrasaundi ya kesho ni kuikata korodani leo. Tunaomba sentensi hiyo ibandikwe ukutani katika kila chumba cha daktari.

Ikithibitika kuwa ni matubwitubwi, hakuna dawa inayoua kirusi hicho. Kuna kazi ya kupunguza madhara. Mgonjwa alale, korodani zishikiliwe na chupi ya kubana au kitambaa kilichokunjwa chini yake, awekewe maji ya baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Ibuprofeni ikiwa tumbo na figo zake ni salama. Antibayotiki hazina kazi hapa, isipokuwa kuna dalili za bakteria. Kijana anayefanya ngono na anatoka usaha au anahisi moto akikojoa huenda ana kisonono au klamidia, na huyo atibiwe hivyo pamoja na mwenza wake. Dawa za steroidi hutuliza maumivu, ila hazijaonyesha kuzuia kusinyaa. Mgonjwa akae mbali na wenzake siku 5 tangu shavu kuvimba, kwa sababu ugonjwa unasafiri kwa mate, na aliyeambukizwa huanza kuugua kati ya siku 12 na 25 baadaye.

Ndiyo maana tunawataja kwa jina la mahali wale walio katika hatari zaidi: mabweni ya sekondari na kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakati wa mafunzo ya vijana waliomaliza kidato cha sita. Kikombe kimoja kinapita midomo sita, vitanda vya ghorofa vimekaribiana, na wote wako kwenye umri ambao korodani zao zimekwisha kuamka. Mwalimu wa afya na mganga wa kambi wapewe maagizo mafupi: shavu likivimba kwa mmoja, mtenge siku 5, na mwambie waziwazi kwamba korodani ikianza kuuma asione aibu kusema siku hiyohiyo. Aibu ndiyo inayowafikisha hospitali siku ya nne.

Sasa chanjo, na hapa tunajua baadhi ya wenzetu hatutakubaliana. Tangu 2014 watoto wa Tanzania wanachanjwa surua na rubela, dozi ya kwanza miezi 9 na ya pili miezi 18. Matubwitubwi haimo. Wengi wanadai chanjo ya aina tatu, yaani ya surua, matubwitubwi na rubela kwa pamoja, iletwe kesho asubuhi. Sisi tunasema isiletwe kesho asubuhi.

Chanjo ya matubwitubwi ikiwafikia watoto nusu tu, kirusi hakitoweki, kinapunguza mwendo. Mtoto ambaye hakuchanjwa, na ambaye zamani angekutana nacho akiwa na miaka 5, sasa anakutana nacho akiwa na miaka 18. Mnakuwa mmepunguza idadi ya wagonjwa na kuongeza idadi ya korodani zilizoharibika. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo hii kwa nchi ambazo zimekwisha kuimarisha chanjo ya surua na zina uwezo wa kudumisha zaidi ya asilimia 80. Uingereza walianza chanjo ya aina tatu mwaka 1988; vijana waliozaliwa kidogo kabla ya hapo walikosa kuchanjwa na walikosa pia kuugua utotoni, na mwaka 2005 Uingereza na Wales ziliripoti wagonjwa zaidi ya 56,000, wengi wao vijana wa umri wa chuo.

Kwa hiyo hatua zetu ni hizi. Kwanza dozi ya pili ya miezi 18, ambayo ndiyo wazazi huisahau, ivushwe asilimia 80 na kubaki hapo katika kila halmashauri. Wastani wa taifa hautoshi, kwa sababu huficha wilaya zilizobaki nyuma. Halmashauri zikifika, chanjo ya aina tatu iingie nchi nzima kwa siku moja, pamoja na kampeni ya kuwafikia wavulana na wasichana wakubwa ambao hawajachanjwa. Mnaponunua, chagueni yenye aina ya kirusi cha Jeryl Lynn. Aina ya Urabe iliondolewa Uingereza mwaka 1992 kwa sababu ilikuwa ikisababisha homa ya uti wa mgongo isiyo ya bakteria kwa baadhi ya watoto, na aina ya Rubini haikinzi vya kutosha. Bei ya chanjo hiyo ni kubwa kuliko ya sasa, na bajeti iandaliwe kabla ya ahadi kutolewa jukwaani.

Turudi kwa kijana aliyekwisha kuugua. Anahitaji kupimwa ukubwa wa korodani baada ya miezi 3, na tena baada ya mwaka. Kifaa chake ni kamba yenye shanga 12 za mfano wa yai, kuanzia mililita 1 hadi 25, kiitwacho okidomita. Hakina betri wala umeme, hakihitaji fundi. Unashika korodani kwa mkono mmoja na shanga kwa mwingine, unalinganisha, unaandika. Korodani ya mtu mzima huwa kati ya mililita 15 na 25. Ikishuka chini ya 12, au upande mmoja ukiwa mdogo wazi kuliko mwingine, andika na umpeleke akapimwe mbegu. Hospitali ya wilaya isiyo na okidomita leo haina kwa sababu haikuiagiza. Bohari ya Dawa iiweke kwenye orodha, nasi tutawafundisha waganga kuitumia. Ni somo la asubuhi moja.

Kipimo cha mbegu ndicho kinachotuumiza zaidi, maana kipo karibu kila mji lakini majibu yake mengi hayaaminiki. Mwanaume analipa, anapewa karatasi iliyoandikwa "mbegu chache" bila namba, na ndoa inavunjika kwa karatasi hiyo.

Mambo yanaanza kuharibika kabla hata ya hadubini. Mgonjwa anapaswa kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Akikaa siku 1 idadi hushuka. Akikaa wiki 3 mbegu zilizozeeka hujaa na kasi hushuka. Atoe kwa mkono, kwenye chombo safi chenye mdomo mpana, kisichooshwa kwa sabuni. Kondomu ya kawaida haifai, kwa kuwa mafuta na dawa zake huua mbegu. Aulizwe kama tone la kwanza lilimwagika, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Ikipotea, kipimo kirudiwe siku nyingine. Kama ametolea nyumbani, sampuli ifike ndani ya saa moja, ikiwa imebebwa mfukoni karibu na mwili, isiwekwe kwenye friji wala kuachwa ndani ya gari juani. Chumba cha kutolea kiwe na komeo na maji. Mwanaume aliyepelekwa kwenye choo cha wagonjwa wote, watu wakigonga mlango, huleta nusu ya shahawa, na mashine yoyote itapima nusu hiyo.

Shahawa huganda kwanza, kisha huyeyuka ndani ya dakika 15 hadi 30, na isizidi saa moja. Isubiriwe iyeyuke, ichanganywe vizuri, ndipo ipimwe. Idadi haihesabiwi kwenye slaidi ya kawaida kwa makadirio ya macho. Ichukuliwe mikrolita 50 za shahawa, iongezwe mikrolita 950 za maji ya kuzimulia, iwekwe kwenye chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia chini ya hadubini), isubiri kama dakika 4 mbegu zitulie, kisha zihesabiwe angalau 200, mara mbili, kwa vipimo viwili vilivyozimuliwa kila kimoja peke yake. Hesabu mbili zikitofautiana sana, zitupwe zote na kuanza upya. Maji yenyewe hutengenezwa maabara: gramu 50 za sodiamu baikaboneti, mililita 10 za fomalini ya asilimia 35, na maji yaliyochujwa kwa mvuke hadi ifike lita 1. Kemikali hizo ni za kawaida katika maabara, na chemba za Neubauer zilikuwa zikihesabu chembe za damu kabla ya mashine kuja. Nyingi zimelala kwenye droo.

Jibu baya kuliko yote ni "hakuna mbegu". Halitolewi kwa tone moja. Shahawa yote izungushwe kwenye sentrifyuji kwa dakika 15 kwa nguvu ya 3,000 g, na masimbi ya chini yatafutwe mbegu. Hapa tunawaomba wasimamizi wa maabara wasome vizuri: 3,000 g (nguvu mara 3,000 ya mvutano wa dunia) na mizunguko 3,000 kwa dakika ni vitu viwili. Kwenye mashine ambayo mkono wake una sentimita 10, mizunguko 3,000 inatoa takriban 1,000 g tu. Ili ufike 3,000 g unahitaji mizunguko kama 5,200. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mwanaume mwenye mbegu chache aambiwe hana kabisa.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ndivyo vichapwe kwenye fomu: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, zenye umbo zuri asilimia 4. Na chini yake iandikwe kwa Kiswahili kwamba hivyo ni vikomo vya chini vilivyopatikana kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Kuwa chini yake hakumaanishi mtu ni mgumba, na kuwa juu yake hakumpi dhamana ya mtoto.

Kisha kuna suala la wakati, ambalo ndilo linalounganisha kipimo na virusi. Mbegu moja huchukua siku 70 na zaidi kutengenezwa, na wiki moja au mbili nyingine kukomaa na kupita kwenye mirija. Mwanaume aliyeugua dengi, mafua makali au UVIKO-19 mwezi uliopita anaweza kuonekana na mbegu chache kwa sababu ya homa tu. Mkimpima leo mtamuumiza bure. Aulizwe kwanza kuhusu homa yoyote katika miezi 3 iliyopita, na kama ipo, kipimo kisubiri au kirudiwe. Hata bila homa, jibu baya moja halitoshi, lirudiwe. Bima ya afya ilipie vipimo viwili kama huduma moja. Kulipia kimoja tu ni kulipia nusu ya jibu.

Tunaongeza neno kuhusu "UTI sugu". Fundi wa maabara anaona seli za mviringo kwenye shahawa, anaandika chembe za usaha, daktari anaandika antibayotiki. Mwezi unaofuata zipo tena, dawa inabadilishwa, na mwanaume anazunguka hivyo mwaka mzima. Nyingi ya seli hizo si usaha. Ni mbegu changa zilizotoka kabla ya kukomaa, jambo linaloweza kuonekana pale korodani iliyojeruhiwa na homa au na virusi inapohangaika. Rangi ya peroksidezi hutenganisha hizi na zile, na kikomo cha chembe nyeupe, ambazo ndizo za usaha, ni milioni 1 kwa mililita. Maabara isiyo na rangi hiyo iandike "seli za mviringo" na kuishia hapo. Neno "usaha" lisiandikwe kwa kukisia, kwa sababu linaanzisha matibabu ya miezi na kujenga usugu wa dawa.

Jambo lingine linalotuhuzunisha ni mtu kushindwa kutofautisha nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mwanaume aliyesinyaa korodani kwa matubwitubwi mara nyingi ana nguvu zote kitandani, ila mbegu ni chache. Mwingine ana mbegu tele na nguvu hana. Ni korodani zote mbili zikiharibika sana ndipo homoni ya testosteroni nayo hushuka, na dalili zake ni hamu kupotea, uchovu, ndevu kupungua. Hiyo ipimwe kwa damu ya asubuhi, kabla ya saa 5, pamoja na FSH na LH, homoni ambazo ubongo hutumia kuziamuru korodani. FSH ikiwa juu na korodani zikiwa ndogo, chanzo kiko kwenye korodani zenyewe.

Anayechanganya mambo haya mawili huishia kwenye vumbi la Kongo (unga unaouzwa kuongeza nguvu za kiume) na vipakiti vya mitishamba. Dawa za aina hiyo zilizopimwa katika nchi nyingi zimekutwa na sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra) isiyoandikwa popote; mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti anaweza kuanguka presha na kufa. Mbaya zaidi kwa anayetafuta mtoto ni sindano ya testosteroni anayochomwa kwenye kliniki binafsi. Homoni ikitoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani, na ndani ya miezi michache mbegu zinaweza kwisha kabisa. Tunaomba mwongozo wa matibabu useme kwa maneno yasiyo na kona: asipewe testosteroni mwanaume yeyote anayetaka mtoto. Na wanaofanya hivyo wakaguliwe.

Kwenye CTC hali ni bora kuliko kwingine, ila kuna swali halijaulizwa. Virusi vya Ukimwi hukaa pia kwenye korodani na kwenye shahawa, na ugonjwa ukiachwa hushusha testosteroni na ubora wa mbegu. Dawa za ARV ndizo kinga ya uzazi wa mwanaume huyu. Akizitumia vizuri na wingi wa virusi usipoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono, na wanaweza kutafuta mtoto kwa njia ya kawaida. Wanaume wengi wa CTC hawajaambiwa hili waziwazi. Wanatafuta mtoto kwa siri, au wanaacha kabisa wakiamini hawaruhusiwi. Kila hudhurio la miezi 6 liwe na maswali mawili: unataka mtoto, na je, hamu na nguvu zikoje? Muuguzi anayeona aibu kuuliza afundishwe. Mgonjwa anaona aibu zaidi yake.

Kuhusu masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri, kirusi cha HPV huyaleta, na aina nyingine za kirusi hicho huchangia saratani ya uume. Chanjo nchini inawalenga wasichana tangu 2018, na kwa uchache wa dozi tunaunga mkono iendelee hivyo. Wasichana wakichanjwa wengi, wavulana nao wanakingwa. Tunachoomba kwa wanaume ni huduma ya kuondoa masundosundo ishuke hadi kituo cha afya.

Mkoa wa Kagera unahitaji aya yake. Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ilitokea Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Korodani ni mojawapo ya sehemu ambako kinga ya mwili haifiki kwa urahisi, na virusi vya Marburg na Ebola hubaki humo baada ya damu kusafishika. Maambukizi kwa njia ya ngono kutoka kwa mwanaume aliyepona Marburg yaliandikwa tangu mlipuko wa kwanza wa Ujerumani mwaka 1967. Huko Guinea, mlipuko wa Ebola wa 2021 ulikutwa na kirusi cha mlipuko wa 2014 hadi 2016, kilichokaa miaka ndani ya mtu aliyepona. Kwa waliopona Ebola utaratibu upo: shahawa ipimwe miezi 3 tangu kuugua, ikiwa bado ina kirusi ipimwe kila mwezi, hadi majibu mawili mfululizo yawe safi kwa tofauti ya wiki moja. Kabla ya hapo ni kondomu kila mara, na kunawa vizuri baada ya kugusa shahawa, hata akijichua. Maabara ya kupima damu wakati wa mlipuko ndiyo hiyohiyo inayoweza kupima shahawa. Mpango huu uandikwe sasa, kukiwa kimya, na uwe na kondomu za kutosha, nauli ya mgonjwa na mshauri anayezungumza Kihaya au Kisubi. Aliyepona asitangazwe kijijini. Akigeuzwa kuwa wa kuogopwa, hatarudi kupimwa, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mipango ya halmashauri huandikwa miezi kadhaa kabla. Katika mipango hiyo tunaomba okidomita moja kwa kila hospitali ya wilaya. Chumba kimoja chenye komeo, chemba mbili za Neubauer na mafunzo ya wiki moja kwa mafundi wawili katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Na sampuli za majaribio kutoka maabara ya taifa mara mbili kwa mwaka, ili majibu ya Mtwara na ya Mara yalingane. Na kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje mtuongezee safu tatu kwa kila mwanaume aliyevimba korodani: tarehe maumivu yalipoanza na saa, ukubwa wa kila korodani kwa mililita, na tarehe ya kurudi baada ya miezi 3.

Wenu katika kazi,
Wahudumu wa maabara na kliniki za afya ya uzazi wa wanaume